Mmea Uitwao Mjumbe

Leo nimeaibika mbele ya nyumba kumi. Kumi kamili, na kila nyumba ilileta watu.

Naandika mwenyewe mapema kabla Mama Tuma hajaisambaza, maana huyo ataitia nazi na iliki. Kama ni kuumbuka, bora niumbuke kwa habari iliyo sahihi.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kurusha droni. Si zile za harusini zinazowapeperusha watu shela. Mimi napiga video ya majani. Miti, vichaka, nyasi, magugu. Nikirudi nakaa kwenye kompyuta, naikata ile video kuwa picha moja moja, naziunganisha mpaka eneo zima linakuwa ramani, halafu naipaka rangi: mikorosho rangi yake, nyasi rangi yake, udongo mtupu rangi ya matope. (Mama yangu mpaka leo anawaambia majirani Temeke kwamba naendesha ndege. Sijawahi kumkosoa.)

Safari hii kazi ilikuwa Goba, kwenye korongo. Anayeishi Goba anajua: mvua ikipiga kilimani, maji hayashuki peke yake, yanashuka na kipande cha kiwanja cha mtu. Tukatakiwa tuonyeshe wapi pamebaki miti ya kushika udongo na wapi ipandwe mingine. Lakini miti haipandwi hewani. Inapandwa kwenye kingo za viwanja vya watu, na wenye viwanja lazima wakae kikao wakubali. Wakikataa, miche inapelekwa mtaa mwingine na korongo linaendelea kula.

Bosi wangu, Kaka Elia, akaniambia, "Zuhura, hicho kikao utakiongoza we mwenyewe. Wakikubali, kazi inayofuata unaisimamia. Wakikataa..."

Hakumalizia. Miaka mitatu nimebeba betri za Kaka Elia. Nilimwelewa vizuri sana.

Jumanne nikafika Goba na barua ya mwenyekiti wa mtaa mkononi. Nilikuwa nimepanga na Mama Tuma anisaidie majina ya miti. Huyu ni mama wa makamo kutoka bara, anauza miche kando ya barabara, na hakuna jani asilolijua. Mimi miti naijua kwa majina ya vitabuni. Majina ya mtaani yananipiga chenga.

Swali lake la kwanza, hata kabla ya maji ya kunywa: "Ushapita kwa mjumbe?"

"Nina barua ya mwenyekiti, mama. Mwenyekiti si mkubwa kuliko mjumbe?"

Akaitazama barua. Akanitazama mimi. "Haya mwanangu. Barua ni barua."

(Nikiikumbuka ile "haya" sasa hivi, mwili unanisisimka.)

Kwa aliyekulia mahali pasipo na mambo haya: mjumbe ni kiongozi wa nyumba kumi, na hizo nyumba kumi huitwa shina. Ukihamia, unaripoti kwake. Ukigombana na jirani, unaanzia kwake. Kuku wako akipotea, yeye anajua kabla yako. Mimi ni mtoto wa Temeke, haya nayajua tangu sina meno. Niliyaruka tu kwa sababu jua lilikuwa linapanda na betri hazina subira.

Nikarusha siku tatu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kila siku saa sita mchana, maana saa hiyo vivuli vinakuwa vifupi na picha inatoka safi. Jua la Goba saa sita si la kuchezea. Nikavaa kofia, nikainamia kioo cha rimoti, sikutazama mtu. Watu walikuwepo, droni ikipaa watu hawakosekani. Jumatano nilisikia mtu anakohoa mbali kidogo nyuma yangu, kile kikohozi kikavu cha mtu mzima anayetaka asalimiwe. Sikugeuka. Nilikuwa nafukuzana na upepo.

Ijumaa nikakaa nyumbani kuikatakata video. Mambo yakaenda vizuri mpaka nilipokutana na kitu ambacho sijawahi kukiona katika maisha yangu ya kutazama majani.

Kilikuwa cha kijani kibichi. Duara kamili, kama sinia. Matawi manane yanatoka katikati yamepangwa sawasawa, na pembeni, upande mmoja tu, doa la njano. Ua! Mmea una ua moja tu, upande mmoja tu! Nikakivuta karibu. Nikakisogeza mbali. Nikatafuta picha nyingine, na huko nako kipo. Nikahesabu. Sehemu kumi na nne, kando ya korongo lote.

Nikamtumia Mama Tuma picha kwa simu, moja moja, kila mti nimeuzungushia duara jekundu.

"Shikamoo mama. Huu mti gani?"

"Marahaba. Mjohoro."

"Na huu?"

"Mlonge."

"Na huu?"

"Mbono huo."

Kisha nikatuma lile duara la kijani. "Na huu?"

Akaandika neno moja. "Mjumbe." Akaweka na kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.

Sasa nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Mjohoro. Mlonge. Mbono. Mjumbe. Ungekuwa wewe ungeshtuka? Mti wowote kwa Kiswahili unaanza na "m", na huu umeanza na "m". Nikauandika kwenye jedwali, herufi kubwa mwanzoni.

Nikaendelea kufanya utafiti. (Utafiti!)

"Mama, una faida gani?"

"Faida hana. Kelele tu. Ila kivuli anacho."

"Unaenea sana?"

"Kila kona yupo. Ukigeuka huku yupo, ukigeuka kule yupo."

"Unaondokaje?"

"Haondoki huyo mpaka umwone."

Hana. Anacho. Yupo. Haondoki. Umwone. Mara tano mama wa watu ananipigia kelele kwa sarufi kwamba tunamzungumzia mtu. Na mimi, mtoto wa pwani, Kiswahili nimekinyonya pamoja na maziwa, nikatabasamu peke yangu nikajisemea: watu wa bara na ngeli, jamani! Nikamsahihisha. Kwenye ripoti nikaandika, kwa adabu kabisa: "Wenyeji wanasema Mjumbe hauna faida, ni kelele tu, ila kivuli unacho."

Jumamosi nikamwonyesha Kaka Elia. Akavua miwani.

"Zuhura. Huu ni mmea vamizi."

"Ndivyo ninavyoona na mimi, kaka."

"Angalia unavyotembea. Jumanne uko huku, Alhamisi uko kule. Anza na huu kesho. Watu wakimjua adui yao, hawatakataa kupanda miti."

Nikaupaka Mjumbe rangi nyekundu. Vidoa kumi na vinne vikapanga mstari kandokando ya korongo. Nikalala nikiwa na furaha ambayo leo nikiifikiria natamani kufunika uso.

Haya, tufike leo.

Jumapili, saa tisa alasiri, ofisi ya serikali ya mtaa. Madirishani wamefunga khanga kuzuia mwanga, ukutani shuka jeupe la kumulikia picha. Nyumba zote kumi zinazopakana na korongo zimekuja, baba, mama, wapangaji, na wageni wa wapangaji. Mwenyekiti mezani. Kaka Elia mstari wa mbele, shati la mikono mirefu. Mama Tuma katikati, ananipungia mkono. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mzee mmoja mwembamba mwenye balaghashia, mikono yake imelala juu ya mpini wa mwavuli uliofungwa. Nilimwona. Nikampita kwa macho kama ninavyovipita viti.

Nikasimama. Nikashika rimoti ya kubadilishia picha.

"Ndugu wananchi, mtaa wenu una adui."

Shingo zikanyooka. Nikafurahi. Nikabonyeza, picha ikajaa kwenye shuka: duara la kijani, matawi manane, ua la njano.

"Adui mwenyewe ni huu. Unaitwa Mjumbe."

Kikatoka kicheko kimoja, kile cha kumponyoka mtu. Mama mmoja akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Nikaona wameguswa.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Samahani dada. Huo mmea unaitwa nani?"

"Mjumbe, mheshimiwa. Msiwe na wasiwasi, tumeunasa wote kwenye video."

Nikaweka ramani. "Tumeukuta sehemu kumi na nne. Jumanne ulikuwa huku kwenye mikorosho. Jumatano ukawa umeshafika kisimani. Alhamisi," nikanyanyua kidole, "uko nyuma ya choo cha nyumba ya mwisho!"

Watu wakaanza kuinama. Mabega yanatikisika. Mimi nikaona hawa hawaelewi uzito wa jambo.

"Ndugu zangu, si suala la kucheka. Mmea unaotembea kiasi hiki kwa siku tatu ni wa kuogopwa." (Mmea unaotembea. Nimetamka hivyo kwa mdomo wangu huu huu ninaolia wali, na bado sikushtuka.) "Na nyinyi wenyewe mnaujua. Wenyeji wametuambia hauna faida yoyote, ni kelele tu."

Hapo mwanaume mmoja akatoka nje mbio. Mama Tuma sikumwona tena, alikuwa ameteremka kwenye kiti mpaka kikabaki kilemba tu. Kaka Elia aligeuka akatazama watu, akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona wasiwasi usoni pake. Kwa kuwa mimi ni mtu wa bidii, nikaongeza mwendo.

"Kelele hizo ni za upepo ukipita kwenye majani," nikafafanua. "Ila kivuli unacho. Tatizo letu la kitaalamu ni kwamba kwa kutazama kutoka juu, shina lake hatukuliona."

Sauti ikatoka mstari wa tatu: "Shina namba saba!"

Ofisi ikalipuka. Watu wakapigana viganja, watoto wakacheka kwa sababu wakubwa wanacheka, mwenyekiti akalaza paji la uso mezani. Nikangoja watulie, kama mwalimu. Maana nilikuwa nimebakiza ukurasa wa mwisho, ule wa mapendekezo, na nilikuwa nimeuandika kwa herufi kubwa:

MJUMBE UNG'OLEWE NA MIZIZI YAKE YOTE, UKAUSHWE, UCHOMWE MOTO.

Nikausoma. Kwa sauti. Nikaongeza na ya kwangu: "Ukiacha hata kipande, utachipua tena."

Ndipo yule mzee wa nyuma akasimama.

Alishika mwavuli wake, akauelekeza juu, akabonyeza. Paa! Ukafunguka humo humo ndani. Wa kijani kibichi, mpana, wa kutosha watu wanne. Mbavu nane. Na upande mmoja, palipowahi kuchanika, mtu ameshona kiraka cha kitambaa cha njano.

Nikatazama shuka. Nikatazama mwavuli. Nikatazama shuka tena, kwa sababu kichwa changu kilikuwa bado kinaomba nafasi ya kujitetea. Ua la njano lilikuwa na nyuzi pembeni.

"Binti," mzee akasema, polepole, kwa lafudhi ya kusini. "Mmea wenyewe ndo mie."

Naapa hakuna aliyecheka. Walikuwa wameishiwa pumzi.

"Umesema ning'olewe na mizizi. Sikatai. Ila mizizi yangu iko Newala. Jembe lako litafika?"

Hapo wakazipata pumzi. Nilisikia jina langu, nikasikia "achomwe moto!", nikamsikia mtu analia kabisa kwa kwikwi. Miguu iliniambia tukimbie. Mlango ulikuwa mmoja, na mlangoni yupo yeye, na mwavuli wake.

Akainua kiganja. Wakanyamaza.

"Nani aliyekwambia sina faida, mie kelele tu?"

Nikamwona Mama Tuma, au tuseme kilemba chake, kikizidi kuzama. Nilikuwa na haki ya kumtaja. Lakini aibu ilikuwa yangu, nikaona niibebe yote.

"Ni kompyuta, mzee."

"Kompyuta."

"Ndiyo, mzee. Ni ya zamani kidogo."

Akaitazama kompyuta yangu muda mrefu. Halafu akaufunga mwavuli, na sauti yake ikashuka.

"Jumanne nilikuwa mikoroshoni, nikaona ndege yako juu ya shina langu. Nikasema mgeni huyo, akimaliza atapita nyumbani kupiga hodi. Nikamwambia mke wangu aweke chai. Hukupita. Jumatano nikakufuata, labda haijui nyumba. Nikakohoa. Hukugeuka. Alhamisi nikakufuata tena, juani, mpaka huko chooni unakokutangaza. Kila ndege ilikokwenda, nami chini yake. Siku tatu, binti, nilikuwa nangoja salamu tu."

Hii sehemu sijui kuiandika kwa mzaha. Kichwani niliona chupa ya chai juu ya meza yake, na kikombe kimefunikwa kisahani, siku nzima. Nikajiona mjinga, na tena mjinga asiye na adabu, na hilo la pili ndilo lililouma. Mama yangu angekuwepo angejificha nyuma ya kile kilemba na Mama Tuma.

Nikaiacha rimoti mezani. Nikapita katikati ya watu, wakakunja miguu kunipisha, mpaka nyuma. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba radhi. Nilitakiwa nianze kwako."

"Marahaba hii ilikuwa ya Jumanne," akasema. "Lakini haijachacha."

Kisha akaitazama ile ramani pale ukutani, vidoa vyekundu kumi na vinne, akakunja macho. "Na hayo madoa ndo mie yote?"

"Ndiyo, mzee. Nitayafuta leo leo."

"Uyafute!" Akanyanyua mwavuli kana kwamba anataka kunichapa nao. "Mwenyekiti! Si kila kikao naambiwa hapa kwamba mjumbe haonekani, mjumbe amelala, mjumbe hazunguki? Haya, hesabuni! Kisimani nipo. Mikoroshoni nipo. Kwa siku tatu, jua la saa sita! Hiyo ramani nataka niitundike sebuleni."

Wakapiga makofi mpaka khanga moja ya dirishani ikaanguka. Mzee akageukia nyumba zake kumi.

"Sasa tuache utoto. Mvua zikija korongo halitocheka. Uzio wangu mwaka huu umebaki hatua sita kutoka shimoni. Miti ipandwe, na waanzie kwangu. Anayekubali?"

Mikono ikapanda yote. Hata yule aliyekimbilia nje alinyooshea mkono dirishani.

Njiani kurudi Kaka Elia alifungulia redio. Tulipofika Mbezi ndipo akazima redio.

"Kazi inayofuata unaisimamia. Ilikuwa ahadi."

"Asante, kaka."

"Ila ripoti hii ilipita kwangu, nikavua miwani na kuikubali. Tusiitaje popote."

(Samahani, kaka.)

Lakini kabla ya kuondoka Goba, Mama Tuma alinikamata ngazini. Kilemba kimekaa upande, macho mekundu kwa kucheka. Kwanza akanishukuru kwa ile ya kompyuta. Halafu akatoa simu, akanifungulia maneno yake mwenyewe.

"Mwanangu, mie niliandika yupo. Yu-po! We uliona wapi mti yupo?"

"Nilidhani ngeli zinakusumbua, mama."

Ilimbidi akae chini. Alicheka hadi akaegemea ukuta, kila akitaka kuinuka anasema "mtoto wa pwani!" anakaa tena. Nilimwacha hapo.

Kesho saa moja asubuhi naanza upya Goba, kwa miguu, nyumba hadi nyumba, mbele yangu mwavuli wa kijani. Chai imeshaandaliwa, nimeambiwa. Wenye kucheka chekeni leo mmalize, na mwenye mtoto wa darasa la pili amfundishe mapema nililojifunza mimi ukubwani: mti upo, mjumbe yupo.